Nusu ya Pili ya Hadithi ya Kofia

Siku ya kuniaga, baada ya keki na hotuba ambazo nilizisikiliza kwa adabu, vijana wawili wa idara ya lugha za Kiafrika walinivuta pembeni. Wanakusanya ngano kwa Waswahili wanaokaa London, na walitaka mawaidha kutoka kwa mtu aliyezeeka katika kazi hiyo. Nikawaambia mawaidha sina, nina gumzo tu. Wakasema basi andika hilo gumzo, mzee, na uandike kwa Kiswahili, maana vitabu vya Kiingereza vya kutufundisha kusikiliza tunavyo kabati nzima. Ndiyo haya. Mimi umri wangu wote wa kazi nimeumalizia kwenye hadithi za Kiairishi, lugha ya zamani ya watu wa Ayalandi, na najua mtauliza kama kila mtu alivyouliza: Mzanzibari na Kiairishi, wapi na wapi?

Jibu ni Kilburn, mtaa wa hapa London. Nilifika London mwaka na ushei baada ya mapinduzi, kijana wa Malindi ya Unguja mjini mwenye ufundi wa redio na sweta la kuazima. Siku hizo ukitafuta chumba ulikuta vibao madirishani vikisema watu weusi hawatakiwi, na mara nyingine kibao hichohicho kikawakataa na Waairishi. Basi tukakutana kwenye nyumba zilizobaki. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa wa huko, na jioni hukaa jikoni na dada yake wakizungumza kwa lugha isiyokuwa Kiingereza. Mimi hukaa kwenye ngazi nikiwasikiliza. Sikuelewa hata neno, lakini zilikuwa sauti za watu waliotoka kwao wakiwa hawajamaliza kukaa, na kwa hilo sikuhitaji mkalimani.

Kazi niliipata kwa ufundi wangu. Chuo kimoja, ambacho jina lake halina faida hapa, kilikuwa na idara ndogo ya Kiairishi, vyumba viwili chini ya ardhi, na tepurekoda ambazo karibu zote zilikuwa mbovu. Siku ya kwanza mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa plasta alinifungulia mlango, akanitazama juu mpaka chini.

"Unajua kukata kanda?"

"Najua."

"Kwa mkasi au kwa wembe?"

"Kwa wembe, na kwa mshazari. Ukikata wima, pale pa kiungo panasikika."

"Ingia," akasema, na usaili ukawa umekwisha.

Huyo alikuwa Dokta Bríd, mkuu wa idara, na kwa siku zile alikuwa karibu idara yote. Jina lake mlitamke Briji wala msihangaike na maandishi. Kiairishi kina ukarimu mkubwa wa herufi, nyingi zimealikwa tu na hazina kazi. Alikuwa amekuja Uingereza mdogo, kutoka pwani ya magharibi ya Ayalandi, akasoma kwa shida, akaamua kwamba wazee waliokuja kuchimba barabara na mahandaki ya London wamekuja na hadithi vichwani, na kwamba hakuna anayewauliza. Akawa anawauliza yeye.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Wembe, ubao wa chuma wenye mfereji wa kulazia kanda, penseli ya nta nyeupe ya kutia alama, na pua. Pua msiidharau. Kanda ya zamani ikianza kuoza hunuka siki, na Dokta alikuwa akiingia stoo asubuhi, ananusa kama mtu anayetafuta mchuzi uliochacha, kisha anaonyesha rafu kwa kidole. Mashine tuliyobeba majumbani ilikuwa na uzito wa mbuzi. Bega langu la kulia liko chini mpaka leo, na mke wangu Raya anasema natembea kama mtu anayemsikiliza mfupi.

Lugha nilijifunza humo humo kwenye kanda. Natengeneza mashine, naijaribu, mzee mmoja anasema sentensi, nairudisha, anasema tena. Hakuna mwalimu mwenye subira kama kanda. Baada ya miaka michache nilikuwa naandika yale yanayosemwa, baadaye nikasomea, baadaye nikafundisha. Vyeo sivitaji. Vilikuja kwa barua na vikaishia kwenye faili.

Nilichokipenda ni kwenda majumbani. Tulikwenda majira ya baridi, kwa sababu wazee wale hawasimulii joto likiingia. Kwao hadithi ndefu ni ya miezi ya baridi, na ukimwomba mtu mwezi wa Juni anakutazama kama umemwomba daku mchana. Dokta alinifundisha adabu za kazi. Kwanza saa ya ukutani itolewe ipelekwe jikoni, maana maikrofoni inaipenda saa kuliko inavyompenda mtu. Ndege wa kwenye tundu afunikwe. Kaa upande wa sikio zima. Chai ya kwanza ni ya salamu na ya pili ndiyo ya kazi, kwa hiyo ukija na haraka utaondoka na salamu. Na mashine usiitazame, kwa sababu ukiitazama na mzee ataitazama.

Kosa langu nililifanya nyumba ya kwanza kabisa. Mimi nimelelewa kwamba anayesimuliwa huitika. Ukikaa kimya msimuliaji anadhani umelala au umekasirika. Basi yule mzee alipokuwa akienda na hadithi yake, mimi kila akitua: naam. Naam. Naam. Kwa sheria za taaluma kanda ile niliiharibu. Dokta aliisikiliza yote, akacheka mpaka akavua miwani. "Usiache," akasema. "Husikii anavyosimulia vizuri?" Miaka baadaye profesa mmoja wa mbali alituandikia kuuliza neno hilo "naam" ni la lahaja gani ya magharibi, maana hakulikuta katika kamusi yoyote. Tulimjibu kwa heshima.

Nyumbani sifa zangu zilikuwa ndogo zaidi. Raya ni wa Pemba, na Wapemba hawapambi maneno.

"Wewe Nassor," aliniambia siku moja, "hao wazee wa kizungu wakikohoa tu unaandika. Mimi nakwambia tangu juzi boiler imekufa, maji ya moto hakuna, council wenye nyumba wapigie simu, hunisikii."

"Nimekusikia."

"Basi nambie nimesema nini."

Watoto wakacheka kwa Kiingereza, kama walivyokuwa wakifanya kila kitu.

Sasa nije kwenye hadithi yenyewe, kwa sababu kila mtu wa kazi hii ana hadithi moja aliyoitafuta, na ya Dokta ilikuwa ya Kofia. Alinieleza tukiwa stoo, huku tumeshika kikombe kimoja kimoja, mwaka wa tatu au wa nne nikiwa naye. Kwao kulikuwa na jirani aliyekuwa akija kusimulia, na hadithi zake ndefu alizigawa mara mbili, nusu leo na nusu kesho. Dokta akiwa mtoto wa miaka saba au minane, jirani akaanza hadithi ya mwana wa mjane. Upepo unampeperushia kijana yule kofia isiyo yake, na sauti inamwambia asilale mara mbili mahali pamoja mpaka amrejeshee mwenyewe. Anamwacha mama yake peke yake, anapita nyumba za mazimwi matatu, mpaka anafika ukingo wa bahari ya mwisho na kupanda mashua. Jirani akasimama hapo. Akasema yaliyobaki kesho.

"Na kesho yake?" nikamwuliza.

"Kesho yake asubuhi tulihamia Uingereza. Baba alikuwa amepata kazi. Hakuna aliyeniambia mimi kitu, niliamshwa nikavalishwa koti."

Tangu hapo alikuwa akiuliza kila mzee kama anaijua hadithi ya Kofia. Amewahoji watu mamia kwa mamia, amesoma kila kitabu cha ngano cha pwani ile, hakuipata. Swali lake lilikuwa moja tu. Je, alirudi? Yule kijana, alirudi kwa mama yake?

Nilijifanya nalichukua swali hilo kitaalamu. Lakini mama yangu alikuwa Unguja, na mimi miaka ile sikuwa na njia ya kwenda, kwa makaratasi na kwa hofu, na barua zake zilikuja zimeandikwa na mkono wa jirani kwa kuwa macho yalishamwishia. Kila barua aliuliza lini. Basi jioni nikipanda basi kurudi Kilburn nilikuwa nikimwona yule kijana kasimama na mashua yake, na nikitaka kujua kama Dokta, pengine kumshinda.

Tulimpata Máirtín kwa bahati. Alikuwa mchimba mahandaki mstaafu, mkubwa wa mikono, kifua kimejaa vumbi la treni za chini, anakaa chumba kimoja nyuma ya barabara kuu ya Kilburn. Tulikuwa tumeshamrekodi majira mawili ya baridi, na alikuwa akiniita "kijana wa naam". Siku moja Dokta, ambaye alikuwa ameshakata tamaa na kuacha kuuliza, akamwuliza kwa mazoea tu, bila matumaini, kuhusu kofia iliyopeperushwa na upepo.

"Hiyo ni ya kina Colm," Máirtín akasema.

Dokta akaweka kikombe chini. "Unaijua?"

"Naijua kama ngazi za kwetu. Baba yake Colm nimemsikiliza kila mwaka mpaka nikaota ndevu."

"Yote? Na nusu ya pili?"

"Yote."

"Basi nisimulie."

"Si yangu," Máirtín akasema, na akajimiminia chai.

Hapa nieleze. Kwa wazee wale hadithi kubwa ilikuwa na mwenyewe. Baba anampa mwanawe, na mwenyewe akiwa hai, wewe hata kama unaijua neno kwa neno huitoi mdomoni mpaka akupe. Hakuna sheria wala mahakama, lakini ni aibu kuliko wizi. Yule jirani wa utotoni mwa Dokta alikuwa ndiye baba yake Colm. Alimwachia mwanawe hadithi, na Colm alikuwa hai, yuko Barking, mashariki ya London, katika nyumba ya kutunzia wazee, amepigwa na kiharusi na hasemi.

Dokta alijaribu kila hoja. Alimwambia ni kwa ajili ya elimu. Akamwambia kanda itafungwa, haitasikilizwa na mtu mpaka Colm aondoke duniani. Siku moja, Mungu amrehemu, alimwambia mtu asiyeweza kusema hawezi kuwa mwenye hadithi. Máirtín hakumjibu kwa wiki tatu, wala hakutufungulia mlango. Na kifua chake kilikuwa kinazidi kuwa kibaya, kila mmoja wetu anakisikia na hakuna anayesema.

Mimi ndiye niliyesema twende. Kwetu kitu cha mtu huombwa uso kwa uso, hata kama unajua atanyamaza. Máirtín alifikiri sana. Kisha akasema atahitaji suti yake ipigwe pasi.

Tulikwenda mchana wa Jumapili, siku ya mvua, sisi watatu na mashine, treni moja baada ya nyingine mpaka Barking. Mlangoni tulipokewa na muuguzi wa Kitanzania, mama mmoja wa Moshi aitwaye Neema, ambaye alisoma jina langu kwenye daftari la wageni akabadili lugha palepale.

"Shikamoo, baba. Jamani, Mzanzibari! Mmekuja kwa mzee Colm?"

"Marahaba, mwanangu. Hajambo?"

"Anakula vizuri, analala vizuri. Ila kuongea ndiyo hamna kabisa tangu ile stroke. Anaelewa, lakini maneno yamegoma. Hata yule speech therapist, wa kuwafundisha kusema, alikuja mara mbili tatu akaacha. Sasa mkimwongelesha msitegemee jibu, msije mkaumia."

Colm alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, mkono mmoja umekufa. Máirtín alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. Akashika ule mkono mzima, akasema kwa Kiairishi, taratibu, kama anayeongea na kadhi:

"Colm, ni mimi. Nimekuja kukuomba hadithi ya baba yako, ile ya Kofia. Huyu ni mtoto wa jirani zenu, alisikia nusu. Unanipa?"

Colm alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kisha akamtazama Dokta. Nilikuwa nimeshika kitufe cha mashine kwa kidole, sijakibonyeza, maana tulikuwa bado hatujaruhusiwa. Midomo yake ikaanza kucheza. Na maneno yakatoka.

Lazima mjue kwamba hadithi hizi zina vifungu ambavyo sisi idarani tulikuwa tukiviita vya mbio. Msimuliaji akifika mahali pakubwa, shujaa anapoondoka kwao, anapovaa silaha, anaposukuma mashua majini, huacha mwendo wa kawaida na kutoa kifungu alichokihifadhi tangu utotoni, kwa kasi, bila kuvuta pumzi, maneno ya kale yanayogongana. Mimi sikuwahi kusikia kama siku ile. Mtu aliyekuwa hawezi kuomba maji alitoa kifungu cha kuondoka nyumbani chote, kizima, kila herufi mahali pake. Neema alisimama mlangoni na trei mkononi. "Yesu wangu," akasema.

Máirtín akanigeukia akaitikia kwa kichwa mara moja. Nikabonyeza.

Kifungu kikaisha, na maneno nayo yakaisha. Colm alifungua mdomo, hakikutoka kitu, akaufunga. Dokta akainama mbele, akataka kumsaidia, kumwambia kinachofuata, maana nusu hiyo alikuwa anaijua. Máirtín akainua kidole.

"Usiseme. Mwenyewe anasimulia."

Na ni kweli alikuwa anasimulia. Vidole vya mkono mzima vilikuwa vinapiga juu ya blanketi, nyusi zinapanda na kushuka, na macho yanamwendea Máirtín kama msimuliaji anavyomwendea msikilizaji wake. Sauti tu ndiyo hakuwa nayo. Máirtín alikuwa anamfuata. Anaguna panapogunwa, anatikisa kichwa panaposikitisha. Ghafla alicheka, na Dokta akacheka naye palepale, wote wawili kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa amesema neno. Baadaye Dokta aliniambia hapo ndipo zimwi la pili linapokaa juu ya uji wake. Mimi nilitazama sindano ya mashine, ile inayopima sauti. Ilikuwa imelala.

Kwa muda walikwenda hivyo watatu. Kisha Colm akaingia kwenye kifungu cha pili cha mbio, cha kuisukuma mashua majini, na sindano ikaruka ikagonga pembeni. Dokta alikuwa anakisema naye kwa midomo. Kifungu kilipoisha midomo yake ikasimama. Nilimwona. Alikuwa amefika pale jirani aliposema yaliyobaki kesho. Wale wazee wawili waliendelea na safari, na yeye akabaki anautazama uso wa Máirtín, anajaribu kuusoma kama mtoto anayetazama watu wakila kupitia dirishani.

Mimi sikuwa na nusu ya kwanza wala ya pili. Nilikuwa na mashine. Niliwatazama wale wawili, mmoja bila maneno na mwingine bila pumzi, wameshikana mkono Barking wakiwa hawapo Barking, nikaona wivu ambao sijawahi kuuona kwa mali ya mtu wala kwa elimu yake. Nilipitisha kichwani majina ya watu wote ninaowajua London nikitafuta mmoja ambaye ningeweza kunyamaza naye vile. Raya ni wa Pemba na mimi wa Unguja mjini, hadithi alizolelewa nazo si zangu. Waliokuwa na zangu walikuwa wametawanyika Maskati, Dubai na makaburini.

Kulikuja kifungu cha tatu, cha tufani, ambacho Dokta hakuwahi kukisikia. Hicho tunacho kwenye kanda, safi. Baada yake ukimya mrefu kuliko wote. Vidole vya Colm vilikwenda polepole, vikasimama, vikaenda tena. Uso wa Máirtín ulianza kubadilika. Machozi yakamtoka, hakuyafuta, yalishuka mpaka kwenye kola ya ile suti iliyopigwa pasi. Mwishowe Colm akapata maneno mara ya mwisho, yale ya kufungia yanayofanana katika hadithi zote za baba yake: nimeipata njiani, naiacha njiani, mwenye nguvu aichukue. Akaegemea nyuma akafumba macho. Nikazima mashine.

Kwenye treni ya kurudi Dokta alivumilia vituo viwili, hakuweza zaidi.

"Alirudi, Máirtín?"

"Ulikuwapo, binti yangu. Umesimuliwa."

"Sikusikia kitu."

Máirtín alimwonea huruma, niliiona huruma yenyewe. Lakini alisema, "Mimi nilimwomba anipe, akachagua kuisema mwenyewe. Siwezi kuisema juu ya kinywa chake. Akitangulia yeye, siku hiyohiyo njoo na mashine."

Hakutangulia yeye. Kifua cha Máirtín kilimshinda kabla ya Pasaka, hospitalini, na wauguzi wakituambia tusimchoshe kwa maswali. Colm aliishi miaka mingine. Tulikwenda tena na tena Barking na alitupokea kwa macho mazuri, lakini hakutoa tena neno lolote. Nafikiri hakukuwa na mtu wa kumsimulia.

Kanda ile tuliisikiliza mimi na Dokta zaidi ya kanda yoyote. Vifungu vitatu, cha kwanza bila mwanzo wake, kicheko kimoja, miguno, na ukimya. Ilipokuja zamu ya kuhamishia kanda zote kwenye kompyuta, kijana mmoja hodari wa idarani aliniambia kwamba sehemu kubwa ya hii hamna kitu, akaomba akate apunguze. Nilimwekea hedifoni nikamwambia asikilize Máirtín anavyopumua. Aliisikiliza mpaka mwisho na hakukata. Na nyinyi ngano zenu mkizihamisha, ukimya msiukate. Hayo ndiyo mawaidha pekee niliyonayo, sikujua kama ninayo mpaka nilipofika hapa.

Dokta alistaafu akahamia Harrow, nyumba yenye bustani ndogo, na mimi nilikuwa nakwenda kumtazama Jumamosi. Alizeeka na swali lake. "Máirtín alilia," alikuwa akisema. "Basi hakurudi." Mimi namwambia watu hulia mtu akirudi pia. Anasema, "Wewe umejuaje?" Namwambia nadhani tu.

Kisha makaratasi yakawezekana, na mimi nikaenda Unguja. Mama alikuwa ameshazikwa miaka mingi, na nilikwenda kwake kwanza, nikamsomea. Halafu nikaenda Malindi kwenye nyumba yetu. Sikukaa siku nyingi. Jumamosi ya kwanza baada ya kurejea London nilipanda treni kwenda Harrow, na Dokta, ambaye wakati huo alikuwa haondoki kitandani, hakuniuliza habari za jua wala za chakula.

"Ulilia?" akaniuliza.

"Nililia."

"Wapi? Kaburini?"

"Hapana. Kaburini nilijikaza. Nililia mlangoni kwetu."

Alinishika mkono. Uso wake ulifunguka, sikuwahi kuuona hivyo miaka yote ya kazi. "Basi hulia," akasema. "Mtu akirudi hulia. Alirudi, Nassor. Yule kijana alirudi." Akarudia kwa Kiairishi, akacheka, na akalala akiwa bado ananishika.

Alifariki wiki ileile. Sikumwambia kwamba mlango wetu wa Malindi ulifunguliwa na mwanamke kijana aliyebeba mtoto, akanikaribisha kwa upole, akaniuliza namtafuta nani.